Kunde Njema Hupimwa Kiangazi

Apitaye Mtendeni, Tabora, mwezi wa Februari na kukuta kunde zimetanda uani hata ardhi haionekani, asiharakishe kumsifu mwenye bustani. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni miezi mikavu ambayo asiye na maji ya kumwagilia hupata mboga mbichi kwa taabu. Kwa hiyo kunde za hapa zipimwe kwa kile zinachobakiza ndani ya nyumba, jani na punje pamoja. Kipimo hiki si kigeni katika mji uliokuzwa na misafara: mpagazi wa kwenda Ujiji alihitaji chakula kisichooza mzigoni, na wavumbuzi Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, wakati ambao bustani ndiyo kwanza hulimwa na watu wanakula akiba. Wapo wanaotamani njegere kwa sababu ya bei yake. Lakini njegere ni mmea wa baridi, wa Lushoto na Njombe; joto la Tabora huangusha maua yake kabla hayajafunga, na ustadi gani huo wa kupigana na hali ya hewa wakati kunde zipo?

Mtu atasema: majani ndiyo mboga yenyewe, basi yakiwa mengi kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba wingi huo huweza kutokana na samadi kupita kiasi. Kunde hujitafutia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Zikilishwa mno, hutoa majani na kusahau maganda. Ng'oa shina moja taratibu, ukung'ute kichanga, upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu kama nyama, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, uzuri wa juu usikudanganye. Kisha tazama ncha. Mkono wa fundi huchuma majani machanga kidogo kidogo, ukauachia mmea nguvu ya kuchipua, na hupunguza kuchuma maua yanapoanza. Bustani iliyokwanyuliwa mpaka vikonyo itakupa sufuria moja ya leo na debe tupu la kesho.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema aliyepanda kunde za kutambaa kapitwa na wakati, kwa kuwa mbegu zilizoboreshwa, kama Vuli-1, hukomaa mapema. Shambani hoja hiyo ina nguvu: mkulima anataka kuvuna, kupura na kuuza. Uani mahitaji ni mengine. Kunde za kutambaa huendelea kuchipua na kukomaza maganda kwa zamu, na kuchelewa huko, ambako shambani ni kero, nyumbani ni faida. Ningempunguzia alama mwenye uwanja aliyezing'oa zote kwa sababu tu ya jina jipya la mbegu.

Punje ndizo zisizoficha kitu. Zimwage kwenye ungo, uzigeuze kwenye mwanga: vidoa vyeupe vilivyoganda juu ya ngozi ni mayai ya mdudu, na tundu la mviringo lililochongwa safi ni mlango aliotokea. Mdudu huyu huanza kutaga maganda yakiwa bado shambani, kwa hiyo kwa kunde zilizobunguliwa ghala lisisingiziwe peke yake. Mara nyingi aliyechelewa kuvuna ndiye aliyemkaribisha. Ing'ate punje moja: iliyokauka hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Zilizokauka zikifungwa bila kuachiwa hewa, mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Mifuko ya PICS isiyopitisha hewa ilibuniwa kwa ajili ya kunde hasa kabla haijazoeleka kwa mahindi. Majani nayo yana hukumu yake katika nsansa, yaani yale yaliyochemshwa kidogo na kuanikwa. Nsansa njema hubaki na kijani kilichokolea, kwa sababu ilikaushwa kivulini penye upepo. Jua kali huipausha na kuipunguzia vitamini A. Iloweke, uitoe, kisha chungulia chini ya bakuli. Mchanga ukiwa umetua pale, aliyeianika hakuinua mkeka kutoka ardhini, na karanga atakazoiungia hazitaufunika mlio wake menoni.