Msondo na Ndiva

Bendi ya muziki iliyoishi miaka mingi humpa msikilizaji kazi ambayo bendi changa haimpi. Anapoingia ukumbini huwa tayari anayo bendi nyingine kichwani, ile aliyoizoea redioni, naye hukaa kitini akiipima hii kwa ile. Mara nyingi ile ya kichwani ndiyo hushinda, maana haikosei, haichoki wala wanamuziki wake hawafi. Katika kurasa hizi chache napenda kuitetea bendi iliyoko jukwaani. Mfano wangu ni Msondo Ngoma, ambayo wapenzi wake huiita Baba ya Muziki.

Msomaji kijana huenda asijue kwamba bendi hii ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka huo huo. Vyombo vilikuwa vya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara kama makarani. Chama kilipobadilika, bendi nayo ilibadili jina: ikawa Juwata mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa OTTU baada ya mwaka 1991, na hatimaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo, ambalo asili yake ni ngoma ya jadi. Majina manne, na bado mtu akiuliza mitaani "Msondo wanapiga wapi leo?" hakuna anayehitaji maelezo.

Sisi wa Myamba tuliijua bendi hii kwa masikio tu. Bendi kubwa za Dar es Salaam hazikuwa na sababu ya kupanda milima ya Upare kutafuta viingilio vya wakulima wa maharage na tangawizi. Nyimbo zao nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, nazo zilitufikia kwa njia hiyo, mawimbi yakija na kupotea kwa jinsi ukungu unavyofunika na kufunua bonde. Betri zikichoka tulizianika juani ili zitupe jioni moja zaidi. Katika nyumba nyingi za kwetu, ambako kwaya ndiyo ilikuwa muziki wenye heshima, redio ilipunguzwa sauti dansi lilipoanza, lakini haikuzimwa. Wazee walitaka kusikia maneno. Nyimbo zile zilizungumzia ndoa, kazi, ulevi na jamaa wasio na shukrani, na hayo kwetu hayakuwa mageni.

Kusikiliza kwa namna hiyo kuna madhara yake. Sauti ya redioni haina mwili. Muhidin Maalim Gurumo kwetu hakuwa mtu mwenye jasho na leso, alikuwa sauti iliyotoka katika sanduku juu ya kabati. Na kwa kuwa wimbo ulirudiwa vile vile kila siku, tuliamini kwamba huo ndio wimbo wenyewe, umekamilika, hauongezwi wala haupunguzwi.

Niliwaona kwa macho mara ya kwanza mwaka 1998, katika ukumbi mmoja wa Ilala, bendi ikiwa bado inaitwa OTTU Jazz. Jambo la kwanza lililonishangaza ni jinsi walivyoanza bila haraka. Vyombo vilipigwa muda mrefu viti vikiwa vitupu. Waimbaji wadogo walitangulia, wakubwa wakaja usiku umekwisha kukomaa. Wimbo ambao redioni ulikwisha kabla chai haijapoa, pale ulichukua muda wa kula mlo mzima. Sehemu ya kwanza, ya polepole, watu wengi walibaki vitini wakisikiliza kisa. Kisha magitaa yakabadili mwendo, tarumbeta na saksafoni zikajibizana nayo, muziki ukachemka, na ukumbi wote ukasimama kana kwamba umeitwa kwa jina. Watu walipanda kuwatunza waimbaji, noti zikibandikwa kwenye vipaji vya nyuso, na mwimbaji alipotunzwa aliongeza ubeti. Gitaa la Said Mabera lilikaa humo katikati likishona yote pamoja, wala halikupigania kusikika.

Hapo nilielewa kwamba kanda ya redio ilikuwa kama picha ya harusi. Ni kweli watu wale walikuwapo, lakini harusi haimo ndani yake. Wimbo wa dansi hutungwa ukiwa na nafasi wazi, na nafasi hizo hujazwa na wachezaji. Ukiondoa wachezaji, kama studio ilivyowaondoa, hubaki kisa kizuri na sehemu ya mwisho inayokatwa kabla haijaanza kazi yake. Kwa hiyo anayesema bendi ya jukwaani "haifanani na wimbo" amegeuza mambo. Kanda ndiyo isiyofanana.

Lakini hoja ngumu zaidi ni ya kaka yangu mkubwa. Alifanya kazi kiwandani Dar es Salaam kwa miaka mingi, akikatwa ada ya chama kila mwezi, na kwa sababu hiyo aliiita Msondo "bendi yetu" kwa maana kamili ya neno. Mwaka 2015 nilimpeleka akawaone. Gurumo alikuwa amestaafu mwaka 2013 na kufariki Aprili 2014. TX Moshi William alikuwa ametangulia tangu 2006. Kaka alikaa usiku kucha hajagusa soda yake. Nilipomsihi tucheze japo wimbo mmoja, akasema, "Mdogo wangu, hawa wanaimba nyimbo za watu. Wenyewe wamekwisha kufa. Unataka nicheze matanga?"

Neno hilo sikulijibu usiku ule, na nadhani linastahili jibu la heshima, si la kumfurahisha mzee.

Zipo namna tatu za bendi kuishi muda mrefu, au kushindwa kuishi. Ya kwanza ni ya OK Jazz ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 1956 na kuwa kubwa kuliko karibu zote barani. Ilikuwa bendi ya Franco. Alipofariki Oktoba 1989, haikupita miaka mingi wenzake wakatawanyika, wengine wakaanzisha bendi kwa jina jingine. Nguzo ilianguka, na paa nalo likafuata. Ya pili naichukua mbali, kwa vijana wa Uingereza waliopiga muziki wa panki, muziki wa hasira na kelele ambao waanzilishi wake hawakutarajia uzee. Mojawapo ya bendi hizo, UK Subs ya London, ilianza mwaka 1976. Mwimbaji wake, Charlie Harper, amezaliwa 1944. Wapigaji wamebadilika mara nyingi mno, yeye akabaki akiimba jukwaani akiwa na umri wa babu. Hapo nguzo imesimama, na kuta ndizo zinazobadilishwa.

Msondo si hii wala ile. Kwao kila nguzo imekwisha kubadilishwa. Gurumo mwenyewe, aliyekuwamo tangu mwanzo, aliondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, wale mahasimu wa Sikinde, akapita Safari Sound, kisha akarudi. Alipoondoka bendi haikufa, na aliporudi haikuwa imemngoja. TX Moshi alipofariki, mwanawe Hassan Moshi aliimba katika bendi hiyo hiyo. Hii si bendi ya mtu. Tangu mwanzo ilikuwa kazi yenye nafasi, na nafasi ikiachwa wazi hutafutwa wa kuijaza.

Kwetu Upare tunacho kitu cha namna hiyo. Ni ndiva, bwawa ambalo wazee walilijenga kwa mawe na udongo kukusanya maji ya mfongo usiku, ili mchana yafunguliwe kwa zamu mashambani. Maji ya jana hayamo leo, na waliopanga mawe hayo walikwisha kuzikwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Hata hivyo hakuna anayesimama ukingoni akasema hii si ndiva ya ukoo fulani kwa kuwa maji ni mengine. Ndiva ni ukuta, zamu na msaragambo wa kuzoa tope. Hivyo vitatu vikidumu, ndiva ipo.

Kwa kipimo hicho, Msondo niliyoiona 2015 ilikuwa Msondo. Zamu ilikuwapo: mdogo anatangulia, mkubwa anafuata. Ukuta ulikuwapo: magitaa yanayosemezana bila kukanyagana, tarumbeta zinazongoja mahali pake. Sitasema kila kitu kilikuwa chema. Spika za ukumbi ule zilifunguliwa mno, maneno yakamezwa, na bendi ambayo maneno yake hayasikiki imepoteza nusu ya mali yake. Pengine ndiyo maana kaka alisikia matanga: alisikia sauti, kisa hakukisikia.

Lakini tope lililonihuzunisha zaidi halikutoka jukwaani, lilitoka kwetu tuliokaa vitini. Kila ulipopigwa wimbo mpya, watu walikwenda kununua vinywaji. Uliporudi wa zamani walikimbia kucheza. Mwanamuziki anayaona hayo na anajua wapi ilipo riziki yake. Usiku baada ya usiku, wimbo mpya unasogezwa kwenye saa ambayo ukumbi ni mtupu, mpaka mtunzi aone hakuna haja ya kutunga. Kisha sisi wenyewe tunalalamika kwamba bendi zetu zimekuwa makumbusho. Tunataka maji, msaragambo hatuji. Kule Myamba mtu wa tabia hiyo hutozwa faini au hunyimwa zamu.

Kaka amekwisha kurudi nyumbani milimani, na redio yake sasa haihitaji betri za kuanika. Husikiliza nyimbo zile zile na hufurahi, nami simlaumu, maana ada yake aliilipa. Ila wewe msomaji ambaye bado una miguu ya kukufikisha ukumbini, nenda mapema, wakati viti ni vitupu na wadogo ndio wanaoimba. Ukisikia wimbo usioujua, usiinuke.