Injini Inayokubali Kufunguliwa

Fundi alimimina esansi, yaani petroli, kidogo kwenye tundu la kichwa cha injini, akakiegemeza juu ya benchi, akafuta mikono, akakaa kusubiri. Mimi na mwenye pikipiki, mwalimu mstaafu wa kutoka Beni, tuliinama kutazama. Valvu ikiwa imekaa barabara kwenye kiti chake, esansi haipiti. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili, halafu tone moja likajitokeza ukingoni mwa valvu ya kutolea moshi, likavimba, likadondoka. "Bado, Mwalimu," fundi akasema. Akarudisha esansi kwenye kopo, akaipaka valvu ule msasa wa mafuta ulio kama uji mzito wa kijivu, akabandika kijiti chake chenye kikombe cha mpira, akaanza upya kukizungusha katikati ya viganja viwili.

Kiswahili kina neno kamili la kazi hiyo: kupekecha. Wazee wetu walipekecha kijiti juu ya ubao mpaka moto ukatoka. Nasi huku Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, pikipiki tunaiita moto, neno tulilolipata kwenye Kifaransa, na siku ile, nikiviangalia viganja vile vikienda na kurudi, niliona maneno hayo mawili yamekutana. Alipekecha karibu saa nzima. Kila baada ya muda aliitoa valvu, akaifuta, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Pete ya kijivu iliyokuwa imekatika sehemu mbili ikabaki na pengo moja, kisha ikazunguka nzima. Akamimina esansi tena, tukasubiri tena. Safari hii halikutoka hata tone.

Moto yenyewe ilikuwa Honda CG125, tangi lake jekundu limefifia mpaka likawa na rangi ya tofali, siti imeliwa na panya. Mwalimu aliitumia miaka mingi kwenda kufundisha, kisha ikalala stoo nyuma ya magunia ya maharage. Watoto wake walitaka kumnunulia Boxer mpya. Akawashukuru, akaomba fedha hiyo itengenezee ile ya zamani. Siku alipoifikisha gerejini, imefungwa kamba juu ya gari la mizigo, fundi aliizunguka mara mbili, akasukuma kiki polepole kwa mkono huku amesogeza sikio, akasema: "Mwalimu, hii moto haiyakufa. Ilichoka tu."

Ili kuelewa alichokisikia inabidi turudi mwaka 1976, Honda walipoitoa CG125. Tayari walikuwa na moto ya ukubwa uleule, CB125, yenye injini nzuri ambayo kamshafti yake imekaa juu kabisa, kichwani, ikizungushwa na mnyororo mwembamba. Shida ilikuwa matumizi. Katika nchi za joto na vumbi watu waliipakia moto familia nzima pamoja na gunia, oili ikakaa miezi bila kubadilishwa, na injini ile ya kistadi ikafa kabla ya wakati wake. Ni rahisi kumlaumu mteja. Honda wakachora injini nyingine, wakaanzia kwa yule mtu asiyekuwa na muda wala fedha ya kuitunza.

Waliishusha kamshafti chini, kando ya krankshafti, ikazungushwa na gia moja kwa moja. Hakuna mnyororo wa ndani wa kulegea. Kutoka pale chini vijiti viwili vyembamba vya chuma hupanda juu, vikazisukuma roka, na roka zikafungua valvu. Tena kemu ni moja tu, inahudumia valvu zote mbili. Mnyororo wa nyuma ukavishwa kasha zima, vumbi lisiufikie. Kwenye oili hakuna chujio la karatasi la kununua kila mara: kuna wavu unaoufua kwa esansi ukaurudisha, na kuna kikombe kidogo kinachozunguka pamoja na krankshafti, ambacho kwa kasi yake hurusha uchafu pembeni na kuuacha umeganda ukutani. Fundi alipokifungua kikombe hicho, ndani mlikuwa na ukoko mweusi kama wa chungu cha bugali kilichosahauliwa jikoni. Akaukwangua taratibu kwa ncha ya bisibisi, akamwonyesha Mwalimu. "Hii yote ingepita kwenye beringi zako, Papa." Yule mzee akaushika ukoko kwa vidole viwili, akauangalia kwa muda mrefu. Miaka yake barabarani ilikuwa mle.

Ila sifa ninayoipenda kuliko zote ni hii: unaweza kukifungua kichwa cha injini hiyo na kukirudisha bila kuivuruga taimingi. Gia za chini hazijaguswa, kila kitu kimebaki mahali pake. Fundi anayefanyia kazi chini ya bati, bila kitabu cha kiwandani, anaruhusiwa kuingia, kutazama, kurekebisha na kutoka. Aliyeichora alimfikiria mtu huyo bila kumjua.

Jambo la pili linaloifanya moto hii ifufuke limetokea mbali na huku. Vipimo vya CG125, silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, jumla sentimita za ujazo 124, vimekuwa kama kanuni ya mapishi. Viwanda vya China viliichukua injini hiyo na kuifyatua kwa wingi. Lifan, Loncin na Zongshen, wote wa Chongqing, wameitengeneza. Wakaipanua pia: ukiifanya silinda kuwa milimita 62 na kuuacha mwendo vilevile, unapata ile inayoitwa 150. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao safari za Dubai na Guangzhou kwao ni njia waliyoizoea, waliziagiza moto za Kichina na vipuri vyake. Makontena yakashuka Mombasa, yakapita Uganda, yakaingia kwa mpaka wa Kasindi. Kwa njia hiyo Honda ya Mwalimu, ambayo kwa umri wake ilipaswa kuwa yatima, ikajikuta ina wajukuu wamejaa rafu za maduka ya piesi pale mjini.

Wajukuu hao hawafanani tabia. Kijana wa gereji alitumwa dukani kuleta pistoni na ringi, na nilidhani kazi imekwisha. Fundi akaichukua ringi moja, akaitumbukiza peke yake kwenye silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, akainua silinda hadi jichoni na kuitazama kwenye mwanga kama mtu anayetazama ndani ya mtungi. Pengo la ringi lilikuwa pana mno. Akaitoa. Ya pili ilikuwa na pengo zuri, lakini mwanga ulipenya pembeni, uzi mwembamba kama unywele: haikuwa duara kamili. Akaifunga kwenye karatasi yake, akamrudisha kijana dukani. Seti ya tatu aliikubali. Hakuna aliyemlazimisha kuikataa ile ya pili. Moto ingewaka nayo, ingetembea miezi kadhaa, Mwalimu asingejua.

Huko duniani siku hizi kuna biashara kubwa ya kufufua moto za kale. Triumph Bonneville, iliyozaliwa Uingereza mwaka 1959, ilitengenezwa Meriden hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1983, ikarudi mwaka 2001 ikiwa mpya kabisa chini ya sura ya zamani. Ilipohamia kwenye mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta, mwaka 2008, wahandisi waliuficha mfumo huo ndani ya umbo la kabureta, ili jicho lione lilichokizoea. Naiheshimu kazi hiyo. Mtu anayejisumbua kuliundia kompyuta vazi la kabureta anajua kwamba moto hupendwa kwa macho pia. Royal Enfield, ambayo India imeendelea kuitengeneza tangu miaka ya 1950, ilitoa Classic mwaka 2009, kisha mwaka 2021 ikaiwekea injini nyingine bila kugusa mikunjo ya tangi wala taa ya duara. Honda waliirudisha Super Cub kama C125 mwaka 2018, miaka 60 baada ya ile ya kwanza. Na miaka ya karibuni, kwenye soko la China, Honda wameitoa hata CG125 mpya ya sura ya kale: taa ya duara, siti iliyonyooka, na mafuta yanayopulizwa kwa kompyuta.

Niliwahi kumwonyesha fundi picha ya hiyo CG mpya kwenye simu. Aliikuza kwa vidole, akapita juu ya tangi, akapita juu ya taa, akasimama kwenye injini. Akauliza swali moja: "Kabureta iko wapi?" Nikamweleza. Akairudisha simu kwa upole, akasema ni nzuri, wameipaka rangi vizuri.

Swali lake limekaa nami. Najua kwa nini kabureta imeondoka: sheria za moshi zimekaza, na hewa safi ni haki ya watu wa Chongqing kama ilivyo haki yetu. Lakini CG125 haikuwa taa ya duara. Uzuri wake ulikuwa ile ruhusa ya kuingia. Anayetaka kuifufua kweli, hata akiweka kompyuta, angeanza kwa kuuliza: fundi wa Butembo ataifunguaje? Kosa litasomekaje mahali pasipo na kifaa cha kulisomea? Nadhani swali hilo linaweza kupata jibu zuri la kihandisi, kwa sababu lilishapata jibu mara moja, mwaka 1976.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Barabara ya Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na kuharibikiwa porini jioni, katika Kivu ya Kaskazini ya miaka hii, ni hatari ambayo kila motari anaipigia hesabu kabla ya kuondoka. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wahudumu wa afya walifika kwa moto vijiji ambavyo gari lisingevifikia. Injini ambayo mtu yeyote mwenye spana mbili na akili timamu anaweza kuifungua njiani imewarudisha watu wengi nyumbani.

Siku ya tatu nilikuta wanafunga. Gasketi ya pembeni haikupatikana dukani. Fundi akachukua jalada la daftari la zamani, akalilaza juu ya mdomo wa kasha la injini, akalishikilia kwa kidole gumba, akaanza kugonga ukingoni kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo. Tik, tik, tik. Hakugonga kwa nguvu. Ukingo wa chuma wenyewe ndio uliokuwa unakata karatasi kutoka chini, kona kwa kona, na matundu ya bolti yakatobolewa moja baada ya jingine kwa namna hiyohiyo. Kipande kilipoachia, kilikuwa na umbo lilelile la kasha, mpaka kile kijipinda kidogo karibu na ekseli ya kiki. Akakipaka grisi pande zote mbili kwa ncha ya kidole. Kijana wake alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni, akiifuatisha nyundo kwa kichwa. Hakuambiwa chochote. Jioni yake nilimkuta nje na kasha bovu na kipande cha boksi, anagonga.

Nafasi ya valvu kwenye CG ni milimita 0.08. Fundi ana geji, bati zake zimevaa kutu pembeni, lakini baada ya kupima kwa geji alipitisha tena kipande cha karatasi ya daftari kati ya roka na valvu, akakivuta. Kiligoma kidogo, kikaja. Akaridhika. Nilimuuliza kwa nini anapima mara mbili. Akajibu kwamba bati linamwambia namba, karatasi inamwambia mkono.

Ikawaka kwa kiki ya nne. Moshi wa bluu ulitoka, ukapungua, ukaisha. Fundi akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, akaihamisha mahali patatu, panne. Kisha akampa kijana aipandishe mlima na kurudi, akaifungua plagi ikiwa bado ya moto: rangi yake kahawia, kama kahawa iliyokaangwa kwa uangalifu. Akaifunga, akaiwasha tena moto, akaichezea skrubu ya kabureta, kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka mngurumo ukatulia.

Mwalimu alivaa koti, maana asubuhi ya Butembo ina baridi. Akafunga begi lake nyuma, akawapa mkono watu wote wa gereji, hata watoto waliokuwa wamesimama kuangalia. Fundi akapiga goti kando ya injini mara ya mwisho.

"Mwalimu, huku tuko juu, hewa ni nyepesi. Ukishuka Beni itabadilika kidogo, utaisikia inasitasita ikiwa imesimama. Usiogope. Hii skrubu hapa, igeuze robo, upande nilikuonyesha."

Akachomoa bisibisi fupi mfukoni mwake, mpini wake umesuguliwa na miaka ukawa laini, akamtia Mwalimu mkononi.