Chipu Iliyobanduliwa Bila Kosa

Chipu ya chaji kwenye ile Dell Latitude ya Navakholo haikuwa na kosa lolote. Ilibanduliwa kwa blowa siku ya soko mbele ya watu, ikawekwa nyingine, na laptopu ikaendelea kukataa kuchaji vilevile ilivyoletwa. Video mmeiona, maana imezunguka katika makundi ya WhatsApp ya mafundi kutoka Navakholo hadi Mumias, na wengi mmeisifu kwa ajili ya mkono wa yule kijana. Mkono anao: alifungua jalada bila kuvunja kishikizo, akachomoa betri kabla ya kugusa bodi, na lehemu yake imekaa sawasawa. Mimi nataka tuitazame ile hatua ya kushika blowa. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea mapema mno kiasi kwamba ustadi wote uliofuata haukuwa na kazi ya kufanya.

Rudisheni video mwanzo. Mama mwenye saiba anaeleza kwamba betri imekwama kwenye asilimia 6, na kwamba mashine imekuwa nzito tangu siku hiyohiyo. Fundi anachomeka chaja na kuiwasha. Kabla Windows haijafunguka, skrini inasimama na kutoa maandishi: aina ya chaja na wati zake hazijatambulika, betri huenda isichaji, na kompyuta itapunguza kasi ili iendane na umeme uliopo. Chini yake anaombwa abonyeze F1 kuendelea. Kijana anabonyeza F1. Anabonyeza huku akizungumza na watu, jicho likiwa kwenye kamera, na maneno yaliyobeba jibu la kazi nzima yanafutika. Kisha anatoa hukumu: "Mama, hii chaji IC imeenda." Alikuwa hajalegeza hata skrubu moja, na mita ilikuwa bado mkobani.

Mteja alileta malalamiko mawili, kutochaji na uzito, na fundi akashughulikia moja tu. Anayezijua Dell hawezi kuyatenganisha hayo. Chaja ya Dell yenye kichwa cha duara ina njia tatu. Ganda la nje ni grauni, la ndani ni volti 19.5, na katikati kuna pini nyembamba isiyobeba umeme wa kuendesha mashine. Hiyo hubeba taarifa. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo ya kumbukumbu ya ukoo wa Dallas Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Maxim mwaka 2001; chipu hiyo hupata umeme wake na kuzungumza kupitia waya huohuo mmoja. EC ya laptopu, yaani kidhibiti kinachosimamia umeme wake, huuliza, na chaja hujibu kwamba ni ya wati 65 au wati 90. Jibu lisipofika, EC hukataza betri isichajiwe na kuishikilia prosesa kwenye kasi ya chini, kwa hofu kwamba chaja isiyojulikana huenda ni dhaifu. Uzito na kutochaji vikija pamoja kwenye Dell, wa kwanza kuulizwa ni pini ya katikati.

Tuchukulie kwamba maandishi yale yalimpita kwa bahati mbaya, jua lilikuwa kali na skrini haikuonekana vizuri. Bado alipewa ushahidi wa pili, na huu aliutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Katikati ya video, betri ikiwa imechomolewa, aliiwasha laptopu kwa chaja peke yake na ikawaka. Mtazamo mmoja tu wa hapo ungemtosha. Laptopu ikiwaka bila betri, volti 19.5 zimepita jeki, zimepita mosfeti mbili za kuingilia, zimepita ile resista ya omu 0.01 ya kupimia mkondo, na zimefika kwenye njia kuu ya bodi. Mosfeti hizo hazijifungui zenyewe. Katika bodi za aina hii hufunguliwa na chipu ileile ya chaji. Chukueni bq24735 ya Texas Instruments kuwa mfano: inatazama pini ya ACDET, na volti hapo zikivuka 2.4 bila kupita kiwango cha juu, inainua ACOK na kusukuma mageti ya mosfeti. Kwa hiyo chipu aliyoitangaza kuwa imekufa ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho yake na ya watu wote waliomzunguka.

Sehemu ya pili ya kazi yake, kusukuma mkondo kwenda kwenye betri, chipu hii haianzi kwa hiari yake. Inangoja EC iiandikie kupitia SMBus volti za kuchaji na ampia za kuchaji. Tena amri hiyo lazima irudiwe. Zikipita sekunde 175 bila kuandikiwa upya, kwa mpangilio wake wa kawaida chipu inasimamisha kuchaji. EC isiyoitambua chaja haiandiki amri hiyo. Kuing'oa chipu kwa sababu haichaji, kabla hujajua kama imeambiwa ichaji, ni kumwadhibu mtumishi ambaye hakutumwa.

Njia sahihi ilikuwa wazi na haikuhitaji joto. Ingia BIOS kwa F2, soma mstari wa chaja. Azima chaja nyingine halisi ya Dell, na Navakholo hazikosekani, kwa vile ukiingia saiba yoyote au ofisi ya shule utakuta Latitude ya ex-UK. Onyo likitoweka, chaja ya kwanza ndiyo mbovu na kazi imekwisha. Likibaki, washa mita kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya katikati ya jeki, nyingine kwenye upande wa pili wa kebo, pale inapochomekwa kwenye bodi. Latitude nyingi zina jeki iliyo kwenye kebo yake yenyewe, inachomolewa kwa vidole. Mita ikilia, kebo ni nzima, na sasa una haki ya kuufuata mstari huo ndani ya bodi, kwenye resista na dayodi ya kinga, hadi EC. Chipu ya chaji iko mbali sana kwenye orodha hiyo.

Sasa turudi kwenye blowa, kwa sababu sijamalizana nayo. IC za aina hii ni mraba wa milimita 3.5, zina pini 20, na chini ya tumbo kuna pedi kubwa ya grauni inayomwaga joto kwenye bodi yote. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi, lakini kwa pedi ile fundi hulazimika kupandisha hewa kupita 350 ili chipu isogee. Joto hilo halichagui. Hapo kando kuna kapasita za kauri, kuna koili, kuna mosfeti, na kuna konekta ya betri ambayo ni plastiki. Hakuweka utepe wa kapton wala kipande cha foili. Simamisheni video anapoondoa mkono baada ya kuing'oa chipu, muitazame konekta: ukingo uliokuwa mweupe umegeuka kahawia upande unaoelekea blowa. Plastiki ile ndiyo inayoshika pini za data na saa, ambazo EC huzitumia kuiuliza betri hali yake. Ingelegea kidogo tu na pini moja ikazama, laptopu ingepata ugonjwa wa pili wenye dalili zilezile za wa kwanza. Fundi anayefuata angeupata wapi? Angeanza kutafuta kosa la mtumiaji na kukuta kosa la fundi.

Halafu ile chipu mpya haikuwa mpya. Ilitoka kwenye bodi chakavu ndani ya boksi. Aliiondoa chipu iliyoonyesha kwamba inafanya kazi, akaweka ambayo hakuna aliyejua historia yake. Mashine ilipokataa tena, hukumu ikahamia kwa betri, na mama akaambiwa atafute betri nyingine. Kosa moja lilikuwa limeshazaa jingine, na gharama zote zilikuwa zinaelekezwa kwa mteja.

Mafundi wa redio wa enzi za Voice of Kenya, kabla jina halijarudi kuwa KBC mwaka 1989, hawangefanya hivi. Nimeandika hili mara nyingi hapa na nitaendelea kuliandika. Redio ilipoletwa bubu, chuma cha kulehemu kilibaki baridi. Fundi aliondoa jalada la nyuma, akausoma mchoro wa saketi ambao watengenezaji wengi waliubandika humo ndani, kisha akagusa mguu wa kati wa kidhibiti sauti kwa ncha ya bisibisi na kutega sikio. Spika ikivuma, amplifaya ni nzima na kosa liko upande wa antena. Ikinyamaza, kosa liko upande wa spika. Mguso mmoja ulimwondolea nusu ya redio, na mguso uliofuata ukaondoa nusu ya iliyobaki. Wenye bahati walikuwa na mita ya AVO, ile nzito ya Kiingereza, na walikuwa wanaitunza kuliko baiskeli. Kuwaka kwa laptopu bila betri kulikuwa ndio mguso ule wa bisibisi. Kijana aliupata bure na hakuusikiliza.

Bob Pease wa National Semiconductor aliandika kitabu kizima mwaka 1991 kuhusu kutafuta makosa katika saketi za analogi, na hakuna anayekimaliza akiwa na haraka ya kubadilisha vipuri. Louis Rossmann, ambaye benchi lake la New York lilifundisha dunia kutengeneza bodi za MacBook, huanza kwa kupima volti kwenye PPBUS_G3H, njia kuu ya umeme ya bodi hizo, kabla ya kutamka jina la chipu yoyote. Vijana wetu wameiga blowa yake na kuiacha mita yake. Nadhani sababu ni video zenyewe. Blowa inaonekana vizuri kwenye simu: moshi wa flaksi, chipu inayoinuliwa kwa kibano, watu wanaoshangaa. Mtu anayesoma BIOS kimya kimya hana cha kurekodi.

Kuna ugonjwa mwingine unaotoka shina hilihili. Chaja za bei nafuu zinauzwa kila mahali zikiwa na kichwa kinachoingia Dell lakini ndani hazina chipu ya utambulisho, au zina ambayo haidumu. Mteja anarudi analalamika mashine ni nzito, na fundi anamsakinishia ThrottleStop, anazima BD PROCHOT, ile breki ya prosesa, kasi inarudi na mteja anaondoka akifurahi. Betri bado haichaji. Zaidi ya hapo, breki iliyowekwa ili chaja isizidiwe imeondolewa, na chaja ileile dhaifu sasa inasukumwa hadi ichemke mezani nyumbani kwa mtu. Nimeliona hili kwenye laptopu za walimu wanaopakia alama za wanafunzi kwenye mtandao wa KNEC, na kila mara mwenye mashine hana habari kwamba aliwekewa kitu hicho.

Najua mtakalonijibu: Kakamega ni nchi ya radi, na radi huua chipu za chaji. Ni kweli inaua. Mvua za alasiri zikianza, saiba isiyochomoa nyaya inajitafutia hasara. Lakini umeme wa radi ukipitia chaja huacha alama. Mosfeti ya kwanza inashoti, au volti 19.5 zinaishia kabla ya resista, au njia kuu inasoma karibu omu sifuri kwenda grauni na laptopu haiwaki kabisa. Mita ingeonyesha hayo bila shida. Mashine inayowaka, inayoonyesha asilimia 6 bila kuyumba, na inayokuandikia kwa maneno kwamba haiijui chaja, haijapigwa na radi mahali pale.

Laptopu ilipelekwa Kakamega mjini. Huko fundi mwingine alibonyeza F2, akaona chaja imeandikwa haijulikani, akajaribu chaja ya pili na kupata onyo lilelile, akachomoa kebo ya jeki. Waya wa katikati ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, pale unapopinda karibu na shingo ya jeki; kwa nje ulionekana mzima, ukiuvuta unalegea. Kebo ikabadilishwa. BIOS ikasoma wati 65, prosesa ikarudi kwenye kasi yake, na betri, ileile iliyosemwa imekufa, ikaanza kupanda kutoka asilimia 6.

Limebaki suala la pesa. Mama alitozwa chipu na ufundi Navakholo, kisha akatozwa kebo mjini. Bodi yake sasa ina chipu ya kuokota na konekta iliyoungua ukingo, na wateja wake wa ritani za KRA watajaa hadi tarehe 30 Juni, stima ikipotea na kurudi kama kawaida ya huko. Konekta ikilegea kabla ya hapo, ni jukumu la aliyeiunguza. Kijana arudishe pesa yote aliyopokea kwa kazi ile, ya kipuri na ya mkono, na ampe mama chipu yake ya awali. Ilikuwa nzima, na ni mali yake.