Tashkota na Masikio ya Mhakiki

Wahakiki wetu wa nyimbo za taarab wana mazoea ya kuhesabu mizani, kupanga vina na kufumbua mafumbo, kisha kufunga daftari. Ala husahauliwa, au hutajwa kwa jumla kuwa ni za Kiarabu. Napenda kuupinga mtindo huu kwa kutumia ala moja tu, tashkota ya Mombasa, ambayo haiingii katika maelezo hayo hata kwa nguvu.

Ala hii ilibuniwa na Goro Morita mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikaitwa taishogoto: yaani koto, kinanda cha kale cha Kijapani, ya enzi ya Taisho iliyoanza mwaka huo huo. Ni kisanduku chembamba chenye nyuzi za chuma na safu ya vibonye mfano wa vile vya taipureta. Mkono wa kushoto hubonyeza, wa kulia hupiga nyuzi. Huko Bara Hindi ilipata jina jipya, bulbul tarang. Pwani yetu jina la Kijapani lilidumu, likalainishwa tu na ndimi za wenyeji. (Mwanaisimu ana la kuchungua hapo.)

Tofauti yake na udi ni ya msingi. Shingo ya udi haina vigawanyo. Kidole chaweza kusimama popote, na ndipo zinapopatikana zile sauti za kati na kati zinazohitajiwa na maqamu ya Kiarabu. Tashkota haina ruhusa hiyo. Kila kibonye kina sauti yake, nusu toni kwa nusu toni, basi. Ndiyo sababu naona inaafikiana zaidi na lahani za filamu za Kihindi na mwendo wa chakacha. Tena sauti yake ni kali, huipenya kelele ya harusi.

Zisikilizwe nyimbo za Zuhura Swaleh. Karatasini, mshororo wa mizani 16 ni vipande viwili vilivyolingana, na jicho huvipita upesi. Katika kuimbwa, ala hujibu sauti, na baina ya ubeti na ubeti hupatikana nafasi ambamo wasikilizaji hutazamana, kila mmoja akikisia fumbo limemlenga nani. Nafasi hiyo ni sehemu ya maana ya wimbo, wala haimo katika matini.

Yamkini nitaambiwa kwamba hiyo ni kazi ya wanamuziki. Sikubali. Nilikosomea shahada ya uzamili, ng'ambo, tulipewa nyimbo za taarab zilizopigwa chapa tu, wala hapana aliyeona upungufu. Nasi tumeurithi upungufu huo. Ndio uliouchosha hata ule mjadala wa asili: huyu akasema Uarabu, yule akasema Ubantu, na hakuna kati yao aliyekuwa na mahali pa kuiweka tashkota.

Basi anayechapisha nyimbo hizi kwa ajili ya wanafunzi na aonyeshe, walau kwa alama pembeni mwa ubeti, ni wapi ala inaingia na ni kwa muda gani mwimbaji ananyamaza.