Hiyo "rm 17" mnayotufundisha, 17 ni nini?

Ukitafuta namna ya kuweka Linux au Windows pembeni ya Android kwenye simu moja, utakutana na maelekezo yanayofanana kama mapacha. Fungua kufuli la mfumo, chomeka kebo, andika parted, kisha rm 17. Tengeneza upya, gawanya, furahia. Hiyo 17 ni nini? Kimya. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Sasa sikia. Hifadhi ya simu ina jedwali la GPT kama la kompyuta. Kila mstari una namba, jina, mwanzo na mwisho wa kipande kimoja, yaani patisheni. Kwenye OnePlus 6, namba 17 ni userdata: picha zako, apu zako, meseji zako. Kwenye Poco F1, userdata ni namba 21. Simu zote mbili ni za 2018, prosesa ni ileile Snapdragon 845, lakini namba imehama. Na kuliona jedwali lote kabla ya kufuta chochote ni amri ya neno moja tu: print. Maelekezo mengi huiruka.

Ukikosea kwenye laptopu, unapakua Windows upya, maisha yanaendelea. Simu si hivyo. Simu za Qualcomm zina modemst1 na modemst2, ambamo modemu hutunza mipangilio yake ya redio, na persist, yenye vipimo vya sensa za simu hiyohiyo uliyoshika. Yaani hata mwenye modeli kama yako hawezi kukuazima vyake.

Najua kwa sababu yalinikuta. Nikiwa mwaka wa kwanza wa masta nilifuata maelekezo neno kwa neno, kumbe yalikuwa ya modeli nyingine ya familia hiyohiyo. Simu iliwaka vizuri, tena na mifumo miwili! Mtandao tu ndio ukagoma. Nikapiga *#06#, IMEI ikatoka sifuri tupu. Fundi akaniuliza swali moja: "Bakapu unayo?" Sikuwa nayo. Hela ya kodi ya chumba ilikuwa kwenye laini, nikaazima kitochi cha mwenzangu ili niitoe.

Tuwatendee haki wanaoandika: wengi hawalipwi, na kumega userdata ni wazo la kawaida, maana ndicho kipande kikubwa kuliko vyote. Ila wanamfundisha mtu kunakili wakati angeweza kufundishwa kusoma. Kibaya zaidi, hawamwambii kama kuna njia isiyogusa jedwali kabisa. PinePhone, kwa mfano, hutazama kadi ya memori kwanza inapowaka. Mwaka 2020 ilitoka picha moja ya mfumo yenye Linux zaidi ya kumi, unaiweka kwenye kadi, ukichoka unaichomoa. Android 10 nayo ilikuja na DSU: mfumo mgeni unakaa kama faili ndani ya userdata, na kwa kawaida ukizima na kuwasha unarudi nyumbani. Si kila simu inaikubali, na kwa mfumo usio na saini ambayo simu inaitambua bado utafungua kufuli, jambo linalofuta data zako. Lakini modemst haiguswi.

Ile simu yangu bado ipo. Ni saa ya mezani, yenye mifumo miwili.