Kikwembe Hakihitaji Kivuli

Anayemchora mwanamke aliyejipamba kwa rangi za maji hukwama kwenye kikwembe kabla hajafika usoni. Kitambaa kikifungwa kiunoni hupata mikunjo, na shule za sanaa za Ulaya hufundisha kwamba mkunjo huonyeshwa kwa kivuli: rangi nyepesi hutangulia, ikikauka hupakwa tabaka zito zaidi, na weupe wa karatasi huachwa penye mwanga. Mwili huonekana wa mviringo kweli, lakini ua la kitambaa hukatikakatika. Na ua ndilo linalotazamwa huku kwetu Kasongo. Kikwembe huchaguliwa sokoni kwa nakshi yake, na fundi asiyejua kulipanga ua likae sawa kwenye libaya hapati mteja wa pili.

Jibu la tatizo hili naliona kwa wachoraji ambao wengi wetu hatuwajui. Mwaka 1926 ofisa mmoja wa kikoloni kutoka Ubelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zilizochorwa kuta huko Bukama, Katanga, kando ya mto huu huu wetu wa Lualaba. Waliozichora ni Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu, na mkewe Antoinette. Thiry aliwapa karatasi na rangi za maji. Baadaye akafanya hivyo kwa Djilatendo wa Ibanche, Kasai. Katika kazi za akina Lubaki karatasi hubaki ukuta: kuna mstari wa fremu pembeni, kisha mtu, mti au mnyama wa rangi bapa, bila upeo wa macho wala kivuli. Djilatendo alikwenda mbali zaidi. Ana karatasi nzima zilizojaa nakshi za pembe na misuko zinazokumbusha vitambaa vya Wakuba, na nakshi hizo zina uzito uleule wa sura ya mtu.

Wapo watakaosema kwamba kukosekana kwa kivuli ni kukosa shule. Mwenye kushika burashi hatakubali haraka. Rangi ya maji ikigusa nyingine mbichi huingiliana nayo, na kosa halifutiki kama la rangi ya mafuta. Ukingo safi kati ya nyekundu na nyeusi maana yake mkono ulisubiri, ukajua kiasi cha maji, ukapita mara moja. Hoja nzito zaidi ni kwamba Mzungu aliyeleta karatasi ndiye aliyeleta na mtindo, kwa kuwa picha zilikuwa za kwenda Brussels, zilikoonyeshwa mwaka 1929. Wanunuzi waliathiri mambo, sibishi. Lakini kuta zilichorwa kabla karatasi haijafika. Nayo hoja kwamba mchoro wa namna hii si picha ya mtu fulani, kwa kuwa uso hauna alama zake, inasahau kwamba mwanamke aliyejipamba amekwisha kuchagua mwenyewe atambuliwe kwa kitu gani: kitambaa, nywele, namna ya kusimama.

Mwaka 2015 Fondation Cartier ya Paris ilipoandaa maonyesho ya miaka tisini ya sanaa ya Kongo, ilianza kuhesabu kutoka 1926, mwaka wa akina Lubaki. Basi, walimu wa kuchora wa Kasongo na Kabambare, mwanafunzi akileta mwanamke wa kikwembe bapa, ua zima, ukingo safi, msimkate alama kwa ajili ya kivuli.