Akina Susu wa Kwa Vonza

Kijiji cha Nyumbani kilianzishwa mwaka 2006 huko Kwa Vonza, kwenye takriban ekari 1,000 za ardhi kame ya Kitui. Humo bibi mmoja, au susu kwa Kikamba, hukabidhiwa nyumba na watoto wapatao kumi. Baadhi ni wajukuu wake wa damu, wengine hakuwahi kuwaona. Ukimwi uliwaondolea watoto wazazi wao, ukamwondolea yeye wanawe.

Hebu itazame kazi yenyewe. Mtu aliyekwisha kulea, na magoti yanauma, anaanza upya. Alfajiri anawasha moto, anakoroga uji wa sufuria kubwa, anasaka soksi iliyopotea, anamgusa paji la uso aliyekohoa usiku. Mtoto anayetumia dawa za virusi lazima azimeze kwa saa ileile kila siku, na susu ndiye mlinzi wa saa hiyo, awe amesoma au hakusoma. Kisha kuna shamba la kunde na pojo, ambalo mvua hulisaliti mara kwa mara. Magharibi kumi wamerudi, kila mmoja na njaa yake, na mkubwa wao amenuna.

Nafuu yake ni majirani. Nyumba zimejengwa kwa vikundi, kwa hiyo mchana wazee huambua mbaazi pamoja, husuka vyondo, na huwataja marehemu wao kwa Kikamba bila kumweleza mtu chochote. Wote walizika.

Watoto wa mwanzo wamemaliza shule, wakaondoka kujitegemea. Susu akapokea wengine.